Uzio wa Mama Kwenye Ramani ya Msitu

Tulimtoa mama ndani akiwa juu ya godoro lake, watu wanne, kila mmoja na kona yake. Trekta ilikuwa imesimama mbele ya jiko, injini inanguruma, na dereva wake ametulia juu anatafuna muwa. Mvua ya asubuhi ilikuwa haijakatika. Mama alikuwa na mwaka mzima hawezi kusimama, miguu imekataa. Tukamlaza chini ya mfenesi, tukaegemeza mabati mawili juu yake.

Bwana misitu alisimama na karatasi yake ndani ya mfuko wa nailoni, akasoma kwa sauti ya kanisani. Kwamba sisi tumekaa ndani ya msitu wa serikali. Kwamba tumekata, tumechoma makaa, tumekula msitu wote kuanzia hapa tuliposimama mpaka kule. Alinyoosha mkono juu ya kilima kitupu kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu.

Mama aliinua kichwa. "Ssebo, bwana mkubwa," akamwambia, "mimi kinywani nimebaki na meno mawili. Msitu wote huo nimeula na nini?"

Watu walicheka. Hata dereva alicheka mpaka muwa ukamtoka mkononi. Bwana misitu peke yake hakucheka. Alimgeukia dereva akasema, "Anza na jiko."

Jiko lilianguka kwa pigo moja. Nyumba ilichukua matatu. Halafu trekta ikapita juu ya maharagwe, ambayo yalikuwa yanatoa maua, na hapo ndipo mama alipofumba macho. Mvua iliongezeka, mabati yakavuja kwenye matundu ya misumari. Siku ya tatu kifua kikambana. Tulimpeleka hospitali ya Mulago kwa pikipiki, mimi nimekaa nyuma yake nimemkumbatia asianguke. Madaktari walijitahidi, siwezi kusema neno juu yao, lakini mtu alifika pale akiwa amekwisha. Alikufa Jumapili asubuhi.

Kwenye karatasi ile ya bwana misitu, na mpaka leo kwenye faili, mama yangu ameandikwa mharibifu wa msitu. Jina lake lote limo, na la baba yake pia, mtu ambaye alizikwa kaskazini na hakuwahi kuuona msitu huo. Mimi nataka neno hilo litoke pale. Nyumba nilishajua hairudi. Neno lile nataka litoke.

Majina ya wahusika nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, nimeipeleka inakostahili. Hapa nitawataja kwa kazi zao. Wao wenyewe watajijua, na majirani zao watawajua. Ni wanne: mpimaji, bwana misitu, mwenyekiti wa kijiji, na mfanyabiashara wa mbao.

Sasa nianze tulikotokea.

Baba yangu alikuwa askari wa jeshi lile lililoshindwa. Mimi nimezaliwa kambini, Kiswahili nimekipata kambini, na shule niliacha darasa la nne. Vita vilipokwisha mwaka themanini na sita, nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba hakurudi. Watu wa kambi walitawanyika kama kuku waliomwagiwa maji, kila mtu anatafuta mahali ambapo hakuna anayejua mumewe alikuwa nani. Mama alinishika mkono, tukatembea kutoka Kampala siku nzima, mpaka pale mashamba yanapokwisha na msitu unapoanza. Alikuwepo bibi mmoja Muganda, watoto wake wameisha vitani, kibanja chake, yaani shamba lake, kimemezwa na magugu. Alituangalia, akamuuliza mama, "Unajua kulima?" Mama akasema anajua. "Basi lima kule mwisho. Mtu akiuliza, wewe ni mtoto wangu."

Ndivyo tulivyopata pale. Mwisho wa kibanja kulikuwa na mawe yamerundikwa kama kaburi, na pembeni yake imesimama mimea ya luwanyi, ile yenye shina jembamba na majani marefu kama ya mahindi. Ukipanda kilima kidogo, rundo jingine la mawe, na luwanyi tena. Yote yalikuwa ndani ya kivuli, kwa sababu miti mikubwa ya msitu ilianzia pale pale kwenye mawe. Sauti za nyani tulizisikia tukiwa jikoni.

Mama alipanda maharagwe. Mbuzi wa majirani wakayala. Akapanda tena, wakala tena. Akaniambia, "Nenda kwenye yale mawe ukate fimbo. Nimeona ile mimea haifi." Kweli haifi. Unaikata, unaichomeka ardhini, baada ya wiki mbili inatoa majani. Nilikata mizigo na mizigo kwa panga la baba, nikaibeba kichwani, tukazungusha shamba lote. Mama aliijenga kwa akili. Upande wa chini, karibu na njia ya gari, aliunyoosha kama kamba, ila sehemu moja aliipinda kuingia ndani na kutoka tena, kwa sababu pale ndipo lilipokuwa zizi la mbuzi wetu na hakutaka wapande juu ya uzio.

Yule bibi alipokuja kuona, alishika kiuno. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Nnyabo, mama wewe, umefanya nini?"

"Nimezuia mbuzi," mama akasema.

"Umezuia mbuzi kwa luwanyi! Mwanangu, sisi luwanyi tunapanda kwenye mpaka. Watu wakigombana, mzee anakuja anaangalia luwanyi iko wapi, kesi imekwisha. Wewe umezungusha maharagwe kwa kesi!"

"Kwetu fimbo ni fimbo," mama akajibu.

"Wewe mtu wa kaskazini utaniua kwa kucheka." Lakini alipokwisha kucheka akasema, "Ile ya kwenye mawe mmeiacha hata miwili mitatu?" Nikamwambia nimeacha. Nilikuwa nimeacha shina moja kila rundo, na sikuliacha kwa akili. Panga lilikuwa butu.

Hilo ni kosa letu, nami naliandika mwenyewe kabla hajaja mtu mwingine kuliandika. Mama hakujua. Mimi sikujua. Bibi alijua, akacheka, akauacha uzio usimame, na baada ya miaka michache akafa.

Msitu ulikatwa kutoka upande wa pili wa kilima, ule usiokaa watu. Nilikuwa msichana bado, napanda juu kutafuta uyoga wakati wa mvua, nikasikia misumeno. Siku nyingine nikaona barabara mpya nyekundu imepasua miti, na malori yanapanda. Mfanyabiashara wa mbao alikuwa na kibali, na kibali kilitiwa sahihi na bwana misitu, yeye yule, wakati huo akiwa kijana ana pikipiki. Mbao zilikuwa zinateremshwa Nateete, Kampala, kila mtu alijua. Kila msimu nikienda kwenye uyoga nilikuta visiki vimenisogelea. Mahali pa uyoga palikuwa na unga wa msumeno mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwisho nilikuwa nikisimama kwenye mawe yetu naona mbingu upande wa pili, na nyani wakawa hawasikiki tena.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikafiwa, nikarudi kwa mama. Uzio ule wa fimbo ulikuwa umekuwa mnene, mashina kama mkono wa mtu, unapita kando ya njia ya gari umesimama wima kama askari wa gwaride. Mgeni yeyote angesema umepandwa zamani za wafalme.

Mpimaji alikuja siku moja ya jua kali. Gari la serikali lilisimama njiani, yeye mbele, mwenyekiti wa kijiji nyuma. Mimi nilikuwa nalima, mwendo wa hatua ishirini kutoka kwao. Mpimaji alishuka, akavaa kofia, akatazama luwanyi za mama kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Akamuuliza mwenyekiti jambo, mwenyekiti akatingisha kichwa kuitikia. Vijana wake wawili wakasimamisha chombo cha miguu mitatu, wakapima ule mstari wa uzio, pamoja na pale ulipopinda. Halafu wakarudi garini. Kule juu kwenye mawe hawakupanda. Mimi sikuulizwa kitu, na mimi sikusema kitu. Nilidhani wanahesabu nyumba.

Basi, baada ya hapo ikaja barua ya kutuambia tuhame, ikaja barua ya pili, na ikaja trekta.

Mama alipozikwa nilihamia Namuwongo, mjini Kampala, nikapata chumba karibu na reli, nikaanza kukaanga mihogo. Nilikwenda kwenye ofisi ya misitu mara nyingi kuliko mtu anavyokwenda kusali. Karani wa pale alinizoea. "Mama, umekuja tena na msitu wako?" Nikawa namjibu, "Nimekuja na wa kwenu. Mimi wangu mnasema nimeula." Alikuwa anacheka, anapeleka jina langu ndani, jina linarudi bila mwenyewe kuitwa.

Halafu siku moja alifika kwenye karai langu la mihogo mwanamke mwenye miwani, mwalimu wa chuo. Karani alikuwa amemwelekeza. Akanunua muhogo, akala amesimama, akasema, "Natafuta mtu aliyetembea ule msitu kabla haujaisha."

"Umempata," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeula. Nitakuonyesha nilianzia wapi."

Yeye kazi yake ilikuwa kufuata msitu kwenye ramani za zamani na za sasa, aone ulikuwa wapi na umepungua lini. Alikuwa nazo nne. Ya kwanza ilichorwa na Wazungu kwa mkono, kabla mama yangu hajazaliwa, karatasi imekuwa ya rangi ya chai. Ya pili ilitengenezwa kutokana na picha za ndege, miti imewekwa nukta nukta. Ya tatu ilitolewa baada ya vita vya themanini na sita. Ya nne ni ile mpya, yenye mpaka wa mpimaji wetu. Chumbani kwake alibandika ramani kwenye kioo cha dirisha ili jua lipite, akaweka juu yake karatasi nyembamba, na kufuatisha ukingo wa msitu kwa kalamu. Kila ramani rangi yake. Mwisho anazilaza karatasi zote moja juu ya nyingine.

Siku ya kwanza aliniambia kitu ambacho sikukijua. Nilimwonyesha ile rangi ya kijani kwenye ramani mpya nikasema, hapa si kweli, hapa hakuna hata mti mmoja. Akasema, "Kijani hiki si miti, mama. Ni sheria. Maana yake serikali imesema hapa pawe msitu. Miti yenyewe tazama kwenye nukta." Nilikasirika sana. Mtu anaweza kuufyeka msitu wote na kijani kikabaki pale pale, kinang'aa.

Lakini karatasi zake zilikataa kulala vizuri. Msitu wa ramani ya kwanza ulikuwa unapanda juu ya kijito, jambo ambalo hata mtoto anajua haliwezekani, pale ni matete na matope. Aliwaza karatasi imenywea kwa unyevu. Alikuwa anazilinganisha kwa kutumia njia panda ya barabara, kwa sababu iko kwenye ramani zote nne.

"Hiyo njia panda si moja," nikamwambia.

"Iko hapa, na hapa, na hapa."

"Mwalimu, daraja la zamani lilivunjika wakati wa vita. Barabara wakaipitisha chini. Njia panda hii mpya nimeiona ikilimwa. Wewe unashika mkia wa ng'ombe wawili."

Akaniangalia juu ya miwani. "Basi nishike nini?"

"Shika ule mwamba mkubwa wa kilimani. Na pale vijito viwili vinapokutana. Hivyo havikuhamishwa na mtu."

Akasogeza karatasi mpaka mwamba ukakaa juu ya mwamba na vijito juu ya vijito. Msitu wote ulihama upana wa kidole kimoja. Ukalala mahali pake, na ukingo wake wa chini ukapita juu ya yale mawe, rundo baada ya rundo, yamechorwa vimisalaba vidogo ambavyo hatukuwa tumevijali. Kidole kimoja kwenye karatasi ile ni mwendo wa kutoka kwenye mawe mpaka njia ya gari. Katikati yake ndipo ilipokuwa nyumba ya mama. Wazungu waliopima waliiweka nje ya msitu kabla haijajengwa.

Tulifanya kazi wiki nyingi. Mimi nakaanga asubuhi, mchana naenda kwake. Ramani ya tatu ilinisumbua. Ilionyesha nukta zimejaa upande wa pili wa kilima, na mimi miaka hiyo nilikuwa nakanyaga unga wa msumeno mahali hapo hapo. Nikasema, "Hii inaongopa."

"Unakumbuka vizuri? Ni zamani, mama."

"Nilikuwa nachuma uyoga, mwalimu. Mtu hasahau mahali alipokosa chakula."

Alichukua kioo cha kukuzia, akaanza kulinganisha ramani ya pili na ya tatu, nukta kwa nukta. Mpaka jua likahama dirishani. Halafu akaniita, sauti imebadilika. Kwenye ramani ya pili kulikuwa na doa la wino, mchoraji alitonesha kalamu. Kwenye ramani ya tatu doa lile lile lilikuwepo, mahali pale pale. Hawakwenda msituni. Walikaa mezani wakanakili ya zamani, wakaandika mwaka mpya. Kwa hiyo kwenye vitabu vya serikali msitu ulikuwa mzima baada ya vita, wakati malori yalikuwa yamekwisha kuubeba nusu. Na msitu uliopotea kabla ya hapo ukaonekana umepotea baadaye, wakati wetu sisi, tuliokuwa na majembe na sufuria.

Ramani ya nne tuliilaza mwisho. Mpaka wake ulikuwa umeteremka mpaka njiani, mstari umenyooka kama kamba. Nikauangalia nikapita. Nikarudi. Sehemu moja mstari ulikuwa umepinda, umeingia ndani na kutoka tena.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya yule mwalimu. Akadhani ninaumwa, akaleta maji. "Hilo ni zizi la mbuzi," nikamwambia. "Serikali imepima zizi la mbuzi la mama."

Tulikwenda. Yeye na kifaa chake cha mkononi kinachosoma satelaiti, mimi na panga. Mawe tuliyatafuta ndani ya miiba kutwa nzima, tukapata marundo matatu kati ya matano ya kwenye ramani, na kwenye mawili luwanyi ilikuwa imesimama bado, shina moja nililoliacha. Kifaa kikasema yako pale pale ramani ya kwanza inaposema. Tukiwa pale pale kwenye mawe, mwalimu alinionyesha kwenye karatasi zake jambo jingine, kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea heshima. Kipande kidogo cha ukingo, juu kidogo ya kwetu, kilikuwa kimeliwa upande wetu.

"Hapa si malori," akasema.

"Hapa ni sisi. Kuni. Na mti mmoja wa nguzo za nyumba. Andika."

"Watautumia dhidi yako."

"Andika hivyo hivyo. Nikificha kijiti kimoja watasema nimeficha msitu."

Akaandika. Kipande chetu kwenye karatasi ni kama ukucha wa kidole kidogo. Upande wa malori ni kiganja kizima.

Tulitengeneza nakala, nikazipeleka ofisini. Bwana misitu sasa amepandishwa cheo, ana meza yenye kioo. Mara hii jina langu lilipoingia niliitwa. Alizitazama karatasi akiwa amesimama. "Haya mambo ni ya kitaalamu, mama," akasema. "Mpimaji amestaafu. Mwenyekiti amefariki. Mimi nilifuata ramani niliyopewa."

"Na kibali cha mbao, kilitiwa sahihi na ramani?"

Kisha akasema faili limefungwa, na akanionyesha ukurasa wa mwisho ili niridhike. Nilisoma taratibu kwa kidole, kama nilivyofundishwa darasa la nne, na yeye akasubiri. Imeandikwa: mpaka umetembelewa kwa miguu wote, na alama zake zimehakikiwa. Chini kuna sahihi tatu. Ya mpimaji, ya mwenyekiti, na yake.

Mwenyekiti simwulizi, yuko kwa Mungu. Mfanyabiashara wa mbao ana nyumba za ghorofa, na yeye nitamfikia. Lakini ninyi wawili mko hai, na mnasoma. Mpimaji, sema ni siku gani ulipanda kilima kile, ulikanyaga rundo gani la mawe, na nani alikuona. Bwana misitu, sema kwa nini ulitia sahihi kwamba mpaka umetembelewa, na wewe barabara ya malori uliijua tangu ukiwa kijana wa pikipiki. Msinijibu mimi kwa mdomo, ofisini, mlango umefungwa. Jibuni kwa maandishi, kwenye faili lile lile, chini ya jina la mama yangu, na mtie sahihi kama mlivyotia ya kwanza. Kila Jumatatu nitakuwa pale kwenye benchi kuangalia kama mmeandika.